Fundi Aliyesikia kwa Meno

Fundi alisikiliza injini kwa meno. Nasema mapema ili mtu asije akadhani napamba. Alikuwa na bisibisi ndefu, kutoka kiganjani mpaka kiwikoni. Ncha yake aliiweka juu ya injini inayounguruma, mpini akauuma kwa meno ya mbele, akafumba macho. Watu walinyamaza kama wako kanisani. Kisha aliitoa, akatema mate pembeni, akasema, "Ya nne ina valvu iliyochoka." Mkifungua silinda ya nne mnakuta valvu imechoka.

Mji wa Bukoba ulimsifu kwa masikio yake. Mafundi baiskeli wa Nshambya nao wakaanza kuuma bisibisi na kuzigusisha kwenye baiskeli, kitu ambacho hakina injini. Mimi nilisikia sifa hizo nikanyamaza, maana ukweli niliujua. Fundi alikuwa kiziwi.

Hakuwa kiziwi kabisa. Ukimpigia kelele karibu na sikio la kushoto alipata neno moja katika matatu, na yale mawili alijitungia mwenyewe. Ilianza kwenye vita vya Kagera. Mimi nilikuwa naendesha lori la unga na maharage ya askari, yeye ni fundi wangu. Siku moja, ng'ambo ya mto, bomu likaanguka kando ya barabara. Mimi nilikuwa nimelala chini ya lori, na sioni aibu kusema hivyo. Yeye alikuwa amesimama juu ya bampa, kichwa ndani ya boneti, anabishana na kabureta. Vumbi lilipotulia akatoa kichwa, akaniuliza kwa nini nafungua mdomo bila kusema kitu. Nilikuwa nasema. Nilikuwa napiga mayowe.

Alipoelewa kilichompata alinishika kola. "Dereva, usimwambie mtu. Fundi asiyesikia injini ni mbeba spana tu."

Nikaapa. Wiki hiyohiyo, akiwa ameshika vitu mikono yote miwili, aliweka bisibisi mdomoni na ncha ikagusa injini. Aliganda pale kama mtu aliyeguswa na umeme. Baadaye aliniambia lori zima lilikuwa linaongea ndani ya fuvu lake. Tangu siku hiyo masikio yake yakahamia mdomoni, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Ndivyo nilivyoamini.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza. Leo nina malori, nina nyumba ya bati Muleba, na watoto wangu wanavaa miwani ya kusomea. Sisemi kwa kujisifu. Nasema ili ujue kwamba anayeandika haya amezoea kupata kitu kwa akili yake, na kwamba Fundi aliniita "Dereva" mpaka nilipokuwa na madereva wanne chini yangu. Nilimwambia, "Waitu, ndugu yangu, mimi sasa ni tajiri." Akajibu, "Tutaangalia."

Hilo "tutaangalia" lilikuwa jibu lake kwa kila neno ambalo hakulisikia, yaani karibu kila neno. Ukimwuliza habari za siasa, tutaangalia. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, tutaangalia. Watu wakamwona mtu mwenye busara, asiyekurupuka. Walipokuja kumposa binti yake, mshenga alizungumza tangu asubuhi mpaka pombe ya rubisi ikaisha kibuyuni, na Fundi akasema, "Tutaangalia." Wale watu wakarudi kwao wakaongeza mbuzi. Wakaja tena. Tutaangalia. Wakaongeza mbuzi wa pili. Mkwewe mpaka leo anaamini alikutana na mzee mgumu kuliko wote wa Kagera, kumbe mzee hakujua kama kuna posa. Alidhani wale ni watu wa chama cha ushirika, wamekuja kwa mambo ya kahawa.

Mimi nilikuwa namsaidia kwa goti. Tukikaa pamoja, naweka mkono chini ya meza. Nikimgonga goti mara moja, maana yake mtu anakusemesha. Mara mbili, sema ndiyo. Mara tatu, sema hapana. Siku ile ya posa nilikuwa safarini.

Kitu kingine ni kwamba hakujua kunong'ona. Alidhani anajua. Msibani aliniinamia sikioni anipe siri, na siri hiyo ikawafikia waliokuwa wanachimba kaburi. "Bawaba za jeneza hili zimefungwa vibaya," alininong'oneza siku moja, na Katekista akakatiza sala.

Na misiba ilikuwa mingi. Ile miaka baada ya vita ndiyo miaka ya ugonjwa, ambao hapa kwetu ulianza kwa kuitwa jina la kitambaa, kabla hatujalisikia neno UKIMWI. Tulizika mpaka tukachoka kusalimiana. Fundi hakukaa kwenye mabenchi kusikiliza hotuba, kwa sababu asingezisikia. Alizunguka nyuma ya nyumba na begi lake. Hotuba zikiisha unakuta mlango wa jiko uliokuwa unaburuza hauburuzi tena, baiskeli ya marehemu imetiwa mnyororo, taa ya kandili ina utambi mpya. Wajane wengi wa Muleba wanamkumbuka kwa mlango. Nilimwuliza kwa nini anafanya hivyo. Akajibu, "Wenzangu wana maneno ya kusema. Mimi nina grisi."

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na kiburi kibaya. Alinunua redio akaiwasha asubuhi mpaka jioni ili majirani wajue anasikia, na kwa kuwa hakusikia, haikuwa kwenye stesheni yoyote. Mkewe aliishi miaka na mvumo kama wa mvua juu ya bati. Kanisani aliketi mbele kabisa, anatazama midomo ya padre, na mtu akikohoa nyuma, yeye akiona padre amenyanyua macho, aligeuka kwa hasira na kuwaambia watu waache kelele.

Sasa nije kwenye ndege.

Misheni ilipata ndege ndogo, ya propela moja na silinda sita, ya kupeleka dawa, chupa za damu na Sista wa hospitali kule ambako barabara ilikuwa mbovu. Ilikuwa inatua Bukoba na kwenye kiwanja cha majani huku Muleba. Aliyeirusha tulimwita Padre Rubani, Mzungu mzee aliyejua Kihaya kuliko watoto wangu. Fundi alipelekwa kozi, akarudi na cheti. Alikipataje cheti bila kusikia walimu? Alisema chuma ndicho kilichomfundisha, walimu walikuwa wanapita tu. Akawa fundi wa ndege. Bisibisi ileile, meno yaleyale.

Lakini meno hayo nayo yalikuwa na umri. Injini zinatetemeka, na mtetemeko wa miaka kumi na kitu ulikuwa unamng'oa moja baada ya jingine. Kwanza aliacha kahawa ya kutafuna. Ukimpa punje, anazitia mfukoni na kukushukuru. Kisha akaacha nyama. Mimi nilidhani ni uzee.

Ndipo wafadhili walipoandika barua kwamba ndege ifungwe chombo cha kuangalia injini, cha kisasa, cha dijitali, na kamati ya parokia ichague kipi. Kwa asiyejua, chombo hicho kina nyaya zinazokwenda kwenye kila silinda kupima joto, kisha rubani anaona mbele yake silinda ipi inapata moto kupita kiasi kabla haijapasuka. Kwenye lori unaona moshi, unaegesha, unakata tawi la kuweka barabarani. Juu ya ziwa hakuna pembeni pa kuegesha.

Kamati ilikuwa Padre Rubani, Sista, Katekista ambaye ndiye mwenyekiti, Fundi, na mimi niliyekuwa naleta mafuta ya ndege kwa lori langu. Wajumbe wengine wa mwanzo tulikuwa tumewazika. Bwana mmoja wa tai akaja kutoka Nairobi na masanduku mawili, akayapanga mezani kwenye ukumbi wa parokia, akawasha mshumaa.

Sanduku la kwanza lilikuwa na kidirisha kimoja cha namba, linaonyesha silinda yenye moto kuliko zote, na joto likizidi linapiga kelele. Akaweka waya kwenye mshumaa. Kile kitu kikalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Sista aliruka. Katekista alifanya ishara ya msalaba. Fundi alikuwa ametupa mgongo, anasoma maandishi nyuma ya sanduku la pili. Hakugeuka. Hakutikisa hata bega.

Bwana wa tai akatazama mgongo ule. "Fundi mwenyewe hakushtuka."

Nikasema, "Fundi hashtuki. Huyu alikuwa vitani." Nikamsogelea, na kwa kuwa goti lilikuwa mbali, nikamgonga mgongoni mara mbili.

"Ndiyo," Fundi akasema.

"Ndiyo nini?" akauliza yule bwana.

"Tutaangalia."

Sanduku la pili halikuwa na kelele hata kidogo. Lilikuwa na nguzo sita za taa, moja kwa kila silinda. Ukichoma waya wa tatu, nguzo ya tatu inapanda na nyingine zinabaki chini. Tena lilikuwa linakumbuka. Ndege ikishatua, unabonyeza unaona joto la juu kabisa lililofikiwa angani. Padre Rubani alilitazama kama mtu anayetazama polisi wa barabarani. Alikuwa anapenda kupanda juu kwa nguvu, kila mtu anajua.

"Hiki kitanishtaki," akasema.

Sista akasema, "Mimi ndiye ninayekaa mle ndani na mgonjwa. Nataka kitu kinachopiga kelele. Taa nani ataziangalia? Wewe Padre ukishapita kisiwa cha Bumbire unasali rozari, macho yako mawinguni."

Padre hakukana. Katekista akasema inaonekana wengi wanataka chenye kelele, na tutapiga kura Jumapili baada ya misa. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Tulipotoka Fundi alinivuta nyuma ya ghala la kahawa. Nilimpeleka mbali zaidi, kwa sababu nilijua kunong'ona kwake. Akatoa mfukoni kitambaa, akakifungua. Ndani kulikuwa na jino.

"Hili limetoka jana," akasema. "Nimebaki na mawili. Yakitoka hayo, Dereva, nimekwisha. Kile cha taa naweza kukisoma. Kile cha kelele, nikiwasha injini uwanjani kikalia, na mimi nimekaa mle kama gogo, watajua wote."

Nikamwambia karibu na sikio la kushoto, "Na kama hawatakuwepo wa kujua?"

"Hapo ndipo pabaya zaidi. Ndege itaruka na kitu ambacho sikukisikia. Na Sista yumo."

"Basi waambie ukweli."

Alinitazama mdomo, kwa hiyo najua alielewa. "Watamtafuta mwingine," akasema. "Mimi nitarudi kufanya nini? Kutengeneza milango?"

Usiku ule sikulala vizuri, nilikuwa natunga hotuba. Na Jumapili niliitoa. Sijapata kuzungumza vizuri kama siku ile. Nilisimama, nikawaambia mimi sikusoma lakini nimeua injini nyingi kuliko waliosoma. Nikasema kelele inakuambia kitu kimeshaharibika, taa inakuonyesha kikianza kuharibika. Nikasema kidirisha kimoja ni kama mke wa jirani anayekuambia mtoto wako mmoja anaumwa, bila kukuambia wale watano wakoje. Nikasema dereva wangu wa kwanza alikuwa na lori linalopiga kelele breki zikiisha upepo, na siku ya tatu alikata waya ili asikie muziki. Nikasema chombo kinachokumbuka ndicho kinachomsaidia fundi, kwa sababu fundi haendi angani, anaambiwa tu, na marubani wanasema uongo. Hapo Padre akakohoa.

Nilipokaa, Sista akasema, "Nimefikiri tena. Kelele ile itawashtua wagonjwa. Mimi nataka cha taa."

Padre Rubani akasema, "Kushtakiwa kidogo kutanifaa rohoni."

Katekista akainua mkono kabla hajauliza nani anainua mkono. Tukachagua cha taa, wote, bila hata mmoja kupinga. Nilimgonga Fundi goti mara mbili. Akasema ndiyo, na machozi yakamlengalenga.

Watoto wangu nimewasimulia hotuba hiyo mpaka wanaimalizia wenyewe.

Chombo kilifungwa. Fundi alitoboa dashibodi kwa mkono wake, akapitisha nyaya sita, akazifunga moja moja. Kuhusu faida yake nitasema moja tu, na hili sijawahi kumwambia Sista.

Ilikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kijani tunaowala. Nilikuja kiwanjani na senene wangu waliokaangwa, nimewafunga kwenye jani la mgomba, na wakati tunasubiri chupa za damu wakawa wanapoa. Ndege ilikuwa imetua muda mfupi, injini bado ya moto. Juu ya kifuniko cha injini kuna kidirisha cha kukagulia oili. Nikakifungua, nikasukuma furushi langu mle, nikafunga. Vitani tulikuwa tunapika ndizi juu ya injini ya lori hivyo hivyo, na aliyenifundisha ni Fundi mwenyewe. Nikaenda kuzungumza na watu, nikasahau.

Sista akapanda na chupa zake. Kwa kawaida Fundi alikaa na Padre mbele wakati wa kupasha injini moto kabla ya kuruka. Propela ikazunguka, majani yakalala, tukashika kofia. Kisha injini ikazimwa. Fundi akashuka, uso mkavu, akaja mbele, akafungua kifuniko. Akatia mkono, akatoa furushi langu, limeungua ukingoni. Lilikuwa limekaa sawasawa juu ya silinda ya tatu, limeziba upepo wote wa kuipoza.

Akalifungua. Akanusa. Akanitazama mimi peke yangu katika watu wote waliokuwepo.

"Ya tatu," akasema, "ilikuwa inakaanga."

Padre akauliza ni nini hicho. Fundi hakumsikia, na mara hii nadhani hata kama angesikia asingemsikia. Akatia senene watatu mdomoni, akawatafuna polepole kwa yale meno mawili, akapanda tena. Ndege ikaruka. Nilisimama pale nikiitazama mpaka ikawa nukta juu ya ziwa.

Padre naye alishtakiwa kila wiki. Ndege ikitua, Fundi anabonyeza, anasoma, anashuka na kumkaripia mbele ya watu. "Juzi ulipanda kama unafukuzwa." Padre anainamisha kichwa. Meno mawili yakatoka, hakuna aliyegundua lolote. Bisibisi aliendelea kuiuma kwa ufizi, kwa ajili ya watazamaji tu.

Miaka imepita. Padre Rubani amezikwa hapa hapa, ndege ilishauzwa. Majuzi nilikwenda Kimwani, kwenye kibanja cha Fundi, kati ya migomba yake. Nimekuta amekuwa mdogo, kofia imekuwa kubwa. Nilimpelekea senene, na mkewe akawachukua akaanza kumtwangia kwenye kinu. Redio ilikuwa inavuma kati ya stesheni. Nikaketi karibu naye kama zamani, nikaanza kusimulia ile hotuba.

Nilipofika pale pa mfano wa mke wa jirani, mkewe akaacha kutwanga.

"Waitu, hotuba hiyo ilikuwa nzuri," akasema. "Ilikuwa ndefu, lakini nzuri. Ila sisi tulikuwa tumeshaamua tangu Jumamosi."

"Nyinyi nani?"

"Foleni ya kitubio." Alimtazama mumewe, ambaye alikuwa anatazama kinu. "Alikwenda kuungama. Sista alikuwa mbele yangu, Katekista nyuma yangu. Huyu akaingia, akapiga magoti, akaanza kumnong'oneza Padre. Unamjua anavyonong'ona."

Nikapunguza redio.

"'Padre, mimi ni kiziwi tangu vitani, nimebaki na meno mawili, naogopa kumwua Sista.' Kuku wa parokia walitawanyika. Padre akafunua pazia, akatutazama wote mmoja mmoja, akaweka kidole mdomoni. Basi. Tukaondoka kimya. Sista alilia njia nzima, halafu akacheka. Akasema Jumapili tuchague cha taa, na mtu yeyote asimwonyeshe kwamba anajua."

"Na mimi? Kwa nini hamkuniambia?"

"Tungekuambia nini? Ulikuwa unafurahi na goti lako." Akashika tena mchi. "Kamati nzima walikuwa wanakuona mkono unavyoingia chini ya meza. Katekista alikuwa anahesabu."

Nilikaa. Nina malori saba, na nikautazama mkono wangu kama wa mwizi. Fundi alikuwa amehisi kitu, akawa anatutazama midomo, huyu, kisha huyu, na woga ule wa zamani nikauona umerudi usoni kwake, woga wa nyuma ya ghala la kahawa.

"Anasema nini?" akaniuliza. "Amejua?"

Mkewe akainamia kinu. Nikaweka mkono wangu juu ya goti la Fundi, goti lililobaki mfupa, nikamgonga mara tatu.

"Hapana," Fundi akasema, ametulia, kwa sauti ambayo lazima ilifika barabarani.